Kitanda cha Mwaka wa Kwanza: Je, Kijana Alazimishwe Kuishi Hosteli?



Vijana wapendwa, kila mwaka ifikapo Oktoba swali moja hurudi majumbani. Jina limetoka, chuo kimejulikana, mkopo umepatikana au haujapatikana, begi limefungwa. Sasa mtoto atalala wapi?

Huku Soga swali hili limeongezewa jambo jipya. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, Soga ina kituo chake, katikati ya Pugu na Ruvu. Kwa hiyo ukikaa na familia moja baada ya sala ya Jumuiya unaweza kusikia maoni matatu chini ya paa moja. Baba anasema: alale hosteli, na chuo kimlazimishe, tena kifunge geti saa nne. Mama anasema: alale nyumbani, apande treni, nimwone kila jioni. Kijana mwenyewe anasema: nina miaka 19, nimetoka JKT, nitapanga geto langu na rafiki yangu, mbona mnanichukulia kama mtoto?

Nani ana haki hapo? Katika somo la leo tutalichukua swali hili kwa uzito wake: je, ni halali na ni vema chuo kumlazimisha mwanafunzi mdogo, hasa wa mwaka wa kwanza, aishi katika mabweni ya chuo? Tutaangalia hali yetu, kisha Neno la Mungu, kisha hekima ya Kanisa, mwisho tufikie jibu. Na jibu halitakuwa "inategemea" peke yake, maana hilo ni jibu la mtu anayekwepa.

1. Mambo yalivyo kwetu

Kwanza tuseme ukweli. Katika nchi nyingine chuo kinakulazimisha kulala hosteli. Kwetu shida kubwa ni kwamba wengi wanaitaka hosteli na hawaipati.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipohamia Mlimani mwaka 1964, kilijengwa kwa mtindo wa Kiingereza, kwamba mwanafunzi analala pale pale anaposoma. Baadaye wanafunzi waliongezeka, vitanda havikuongezeka kwa kasi hiyo. Ikajengwa hosteli ya Mabibo. Tarehe 15 Aprili 2017 zikafunguliwa hosteli za Magufuli pale Mlimani, majengo 20 yenye nafasi ya wanafunzi 3,840. Ni kazi kubwa, lakini bado wapo wengi wanaobaki nje. Ndiyo maana neno "kubebana" halihitaji kufafanuliwa kwa mwanafunzi wa Dar: mwenye kitanda anambeba asiye na kitanda, wawili wanalala kichwa na miguu kwenye godoro la mmoja.

Anayekosa kabisa anaingia mtaani: Sinza, Ubungo, Changanyikeni, Msewe. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, bumu halijaingia. Hapo ndipo wawili wanachangia chumba. Na wakati mwingine hao wawili ni mvulana na msichana. Tumezoea kuicheka ile "ndoa ya sogea tukae", lakini tukiichunguza bila haraka tutaona kwamba mara nyingi haikuanza na tamaa. Ilianza na kodi. Dhambi ni dhambi, sitaki kuipaka rangi. Lakini mchungaji anayemkemea binti kwa kuishi na mvulana, wala hamuulizi alikosa wapi pa kulala, amefanya nusu ya kazi.

Jambo la pili. Hebu tazama njia anayopita kijana wetu hadi kufika chuoni. Wengi wanasoma kidato cha tano na cha sita bweni: kengele ya kuamka, kengele ya kula, kengele ya kulala. Kisha baadhi wanaitwa JKT kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013 baada ya kusimama tangu 1994. Kambi ya Ruvu iko wilaya yetu hii hii ya Kibaha. Pale hata kufunga kamba ya buti kuna amri yake. Halafu kijana yule yule, baada ya wiki chache, anajikuta chuoni: hakuna kengele, hakuna afande, hakuna mama, na fedha za miezi miwili ziko kwenye simu. Ametoka kwenye amri tupu akaingia kwenye uhuru mtupu, hakuna daraja katikati.

Jambo la tatu. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilitoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wazo lake ni kwamba mtoto mdogo anahitaji malezi ya wazazi kwanza. Kwa hiyo hata nchi yetu inatambua kwamba kuishi mbali na nyumbani si jema wala baya kwa watu wote na kwa umri wote. Kuna umri wa kubaki nyumbani, na kuna umri wa kutoka. Swali letu linahusu wale wanaotoka.

2. Neno la Mungu: upungufu wa hosteli katika Biblia

Fungua Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 6, mstari wa 1 hadi wa 7. Wengi tunaikumbuka habari hii kwa sababu ya shoka lililoelea, ila tunasahau ilianzaje. Ilianza na hosteli kujaa!

Wanafunzi wa manabii wanamwendea Elisha na kumwambia kwamba mahali wanapokaa naye pamewabana. Wanaomba ruhusa waende Yordani, kila mmoja akate mti mmoja, wajenge makao. Elisha anawaruhusu. Angeweza kubaki amekaa. Lakini mmoja wao anamwomba afuatane nao, naye anakubali na kwenda. Wakiwa kazini, kichwa cha shoka la mmoja kinachomoka na kuzama mtoni. Kijana analia, kwa sababu shoka lilikuwa la kuazima. Elisha anauliza limeangukia wapi, anakata kijiti, anakitupa pale, na chuma kinaelea.

Tuangalie mambo matatu hapa.

La kwanza: vijana wale walikuwa wakiishi pamoja chini ya mlezi. Hawakuja kusikiliza somo la Elisha asubuhi na kutawanyika. Unabii haukufundishwa kwa mihadhara tu, ulifundishwa kwa kuishi.

La pili: walipoona nafasi haitoshi, hawakuambiwa kila mtu ajitafutie. Walijenga, na kila mmoja alibeba mti wake. Jumuiya iliona malazi ya vijana kuwa kazi ya wote.

La tatu, na ndilo kubwa: mlezi alikwenda nao. Fikiria kama Elisha angebaki. Makao yangejengwa vile vile, miti ingekatwa vile vile. Lakini siku shoka lilipozama, kijana yule maskini mwenye deni angelia peke yake. Jengo halijibu kilio cha mtu.

Sasa nenda Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 2 na ya 3. Hapa tunamwona kijana aliyelala hekaluni kabisa, karibu na Sanduku la Mungu. Huwezi kupata bweni takatifu kuliko lile la Shilo! Samweli alilelewa hapo, akaisikia sauti ya Bwana usiku, akawa nabii. Lakini nyumba ile ile ya Shilo ilikuwa na vijana wengine, Hofni na Finehasi, wana wa kuhani Eli. Hao walinyang'anya nyama ya sadaka na kulala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Makao yalikuwa yale yale, mlezi yule yule, na Sanduku lile lile, lakini matokeo yalikuwa mawili tofauti.

Kwa nini? Biblia inatupa dalili. Eli aliwakemea wanawe kwa maneno, tena kwa kuchelewa, bila kuwazuia. Macho yake yalikuwa yamefifia, na si macho ya mwili tu. Upande wa Samweli kulikuwa na Hana, mama yake. Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Mama yule alimtoa mwanawe kwa Bwana lakini hakumtelekeza. Alijua mwanawe ameongezeka kimo kiasi gani, la sivyo angeshonaje kanzu ikamtosha?

Kwa hiyo Maandiko yanatuzuia kusema vitu viwili. Yanatuzuia kusema "kuishi pamoja hakuna maana, somo ni darasani." Na yanatuzuia kusema "muweke hosteli ya Kanisa, ataokoka."

3. Kanisa limelifikiria jambo hili muda mrefu

Mtakatifu Benedikto alikuwa mwanafunzi Roma. Mtakatifu Gregori Mkuu anasimulia kwamba aliondoka mjini kwa kuogopa maisha ya anasa ya wanafunzi wenzake. Baadaye alipoandika Kanuni yake, alifikiria hadi mahali pa kuweka vitanda. Katika sura ya 22 anaagiza kila mmonaki awe na kitanda chake, taa iwake hadi asubuhi, na ndugu vijana wasipangwe vitanda vyao jirani-jirani wao kwa wao, bali wachanganyike na wazee. Soma tena hilo la mwisho. Benedikto hakutaka bweni la vijana watupu. Alitaka ujana ulale karibu na ukomavu.

Tuje mwaka 1229, Paris. Wanafunzi waligombana na mwenye kilabu kwa ajili ya bei ya mvinyo. Ugomvi ukakua, askari wakaingilia, wanafunzi wakauawa, chuo kikagoma kwa karibu miaka miwili. Mwaka 1231 Papa Gregori wa Tisa alitoa barua ya kulinda haki za chuo kile. Moja ya mambo aliyoyalinda ilikuwa kodi za nyumba: walimu na wanafunzi wakinyimwa bei ya haki ya malazi, waliruhusiwa kusimamisha masomo. Yaani karibu miaka 800 iliyopita Baba Mtakatifu alikuwa anashughulika na kodi ya geto! Asikudanganye mtu kwamba hilo si suala la kiroho.

Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliagiza majimbo yaanzishe seminari, na vijana wanaoandaliwa upadre waishi humo pamoja tangu umri mdogo. Sababu iliyotolewa ni kwamba ujana usipoelekezwa vema huvutwa na anasa. Hapo ndipo zilipoota seminari zote unazozifahamu, hadi ile ya Mtakatifu Maria kule Visiga, barabara ya Morogoro. Sisi mafrateri tunaishi chini ya lazima hiyo kila siku, kwa hiyo naandika juu ya kitu ninachokilalia.

Na Mtakatifu John Henry Newman, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2019, alisema jambo la kushangaza katika mihadhara yake ya Dublin ya mwaka 1852. Kama angelazimika kuchagua kati ya chuo kinachotoa mitihani na vyeti bila wanafunzi kuishi pamoja, na chuo kisicho na walimu wala mitihani bali kinakusanya vijana tu waishi pamoja miaka mitatu au minne, angechagua hicho cha pili kwamba ndicho kinachojenga mtu zaidi. Vijana hufundishana. Mjadala wa saa tano usiku kwenye korido unaweza kukupa kitu ambacho mhadhara wa saa mbili asubuhi haukukupa.

Leo hii Chuo Kikuu cha Notre Dame, chuo cha Kikatoliki kule Marekani, kinawataka wanafunzi walioingia kuanzia mwaka 2018 waishi mabweni ya chuo kwa semesta sita. Lakini kila bweni lina gombera wake anayeishi humo humo na wanafunzi. Unaona mfanano na Elisha? Ukiiga lazima bila kuiga mlezi, umeiga nusu, tena ile nusu mbaya.

4. Mtakatifu Tomaso: lazima inafaa nini?

Hapa kijana wetu wa geto ananyanyua mkono. "Frateri, wema wa kulazimishwa si wema. Mungu anataka moyo wa hiari. Mimi ni mtu mzima kisheria. Mnipe uhuru nikosee mwenyewe."

Ni hoja nzito, tusiipuuze. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliijibu katika Summa (sehemu ya I-II, swali la 95, kifungu cha 1). Anasema wapo vijana ambao kwa maumbile, mazoea mema au neema ya Mungu wanatosheka na ushauri wa wazazi. Lakini wapo wengine ambao maneno hayawatoshi. Hao wanahitaji sheria inayowazuia, kwanza ili wasiwaumize wengine, pili ili kwa kuzoea waje kutenda kwa hiari kile walichokuwa wakikitenda kwa hofu. Wahenga wetu walisema hivyo kwa maneno machache: samaki mkunje angali mbichi.

Lakini soma na swali la 96, kifungu cha 2. Tomaso huyo huyo anasema sheria ya wanadamu isijaribu kuzuia kila uovu, na iwaongoze watu kwenye fadhila polepole, si kwa ghafla. Ukiwatwisha watu mzigo wasioweza kuubeba, wataudharau na kuangukia pabaya zaidi.

Maisha yake mwenyewe yalimfundisha hilo. Alipotaka kujiunga na Wadominikani, ndugu zake walimkamata na kumfungia nyumbani karibu mwaka mzima. Walitumia kuta kubadili nia yake. Hawakufaulu. Alitoka na wito wake ule ule. Ukuta unaweza kuzuia mwili usitoke, ila hauwezi kuingia ndani ya mtu ukabadili anachokipenda.

Tukiunganisha vifungu viwili tunapata kipimo hiki: lazima ni halali ikiwa inamwandaa mtu asiihitaji tena. Kama baada ya mwaka wa hosteli kijana hawezi kujipangia muda wake, kutunza fedha zake na kusema hapana bila afande mlangoni, lazima ile haikumlea. Ilimchelewesha tu. Na hilo ndilo tatizo la ile njia ya kengele, afande, kisha uhuru mtupu niliyoitaja. Miaka mingi ya lazima iliyokosa sehemu ya mwisho, ile ya kumwachia kidogo kidogo huku mtu mzima akiwa karibu. Mwaka wa kwanza chuoni ungeweza kuwa sehemu hiyo.

Kuna hoja nyingine mbili za Kanisa ambazo baba anayependa geti la saa nne asizisahau. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Malezi ya Kikristo la mwaka 1965, unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu. Na Papa Pio wa Kumi na Moja, mwaka 1931, alieleza kanuni ya auni: kile ambacho chombo kidogo kinaweza kukifanya vema, chombo kikubwa kisikipore. Ikiwa nyumba ya Soga inaweza kumlaza, kumlisha na kumlea mwanafunzi, na treni inamfikisha darasani kwa wakati, chuo hakina haki ya kuipora familia kazi hiyo kwa sababu tu kina kanuni.

5. Bweni la Mwanga

Wakristo wa Afrika Mashariki tuna mfano wa vijana walioishi pamoja kwa lazima, na ni mfano mzito. Mashahidi wetu wa Uganda, wengi wao, walikuwa vijana wa kuhudumu katika ikulu ya Kabaka Mwanga. Hawakwenda na kurudi makwao jioni. Waliishi pale, wakisubiri kuitwa na mfalme. Na mfalme yule aliwataka wavulana kwa matendo machafu. Bweni lile lilikuwa la hatari, na hatari ilitoka kwa mwenye nyumba mwenyewe.

Aliyewalinda wadogo kwanza ni Yosefu Mukasa Balikudembe, aliyeuawa tarehe 15 Novemba 1885. Baada yake kazi hiyo ikamwangukia Karoli Lwanga. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, yaani umri wa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho chuoni. Aliwafundisha dini, aliwaficha mfalme alipowatafuta, na hatari ilipokaribia kabisa, Mei 1886, aliwabatiza waliokuwa bado wakatekumeni, akiwemo Kizito, mvulana wa miaka kama 14. Tarehe 3 Juni 1886 walichomwa moto Namugongo. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Jiulize: katika nyumba ile ni nini kilichowaokoa wadogo? Si sheria ya nyumba, maana sheria ya nyumba ndiyo iliyowaweka hatarini. Ni kijana mkubwa aliyekaa nao, akawajua kwa majina, akajua nani ameitwa usiku na nani hajarudi. Mtumishi mmoja mwenye macho alitosha kuwa Elisha wao.

Mfano huu unagusa pia wanaotunga kanuni. Ukimlazimisha msichana wa miaka 18 alale mahali fulani, umechukua wajibu mbele ya Mungu juu ya kile kitakachompata mahali hapo. Nani ana funguo za akiba? Anayeombwa "rushwa ya kitanda" anakwenda kulalamika wapi, na atasikilizwa? Huwezi kuchukua mamlaka ya mzazi ukaacha majukumu ya mzazi.

6. Jibu

Sasa nijibu bila kuzunguka. Naamini chuo kinaweza kwa haki kuwataka wanafunzi wa mwaka wa kwanza waishi katika mabweni yake, na mara nyingi ingekuwa faida kwao, endapo masharti manne yametimia.

Kwanza, kitanda kiwepo, na bei yake iwezekane. Hakuna anayefungwa na lisilowezekana. Chuo chenye vitanda mia tano na wanafunzi wapya elfu mbili hakiwezi kuzungumza juu ya lazima. Kizungumze juu ya kujenga, na katika kugawa kilichopo kianze na mwaka wa kwanza, wenye ulemavu na wanaotoka mbali. Pia lazima isigeuzwe biashara, kwamba wanafunzi ni wateja wasioweza kuhama hata bomba likikauka mwezi mzima.

Pili, mlezi awepo, tena aishi humo. Mlinzi wa getini anafanya kazi njema, lakini kazi yake ni geti. Tunamtafuta mtu wa kuuliza shoka limeangukia wapi.

Tatu, lazima iwe na mwisho unaojulikana. Mwaka mmoja wa kujifunza kuishi na wengine, kisha kijana achague. Kumshika mtu wa miaka 23 kama wa miaka 14 ni kumdhulumu, na ni kumfundisha kudanganya.

Nne, mlango wa ruhusa uwe wazi kwa wenye sababu: anayeishi na wazazi au walezi wema, aliyefunga ndoa, mama anayenyonyesha, mwenye ugonjwa unaohitaji uangalizi wa nyumbani. Sheria ya haki humtazama mtu.

Likikosekana moja kati ya haya, basi chuo kishauri na kihimize, lakini kisilazimishe.

7. Na wewe je?

Uliye hosteli: kitanda ulichopata ni kipawa ambacho mwenzako amekikosa. Usikiuze. Kukodisha kwa faida kitanda ulichopewa kwa bei ya chini ni wizi, hata kama kila mtu anafanya. Ukimbeba mwenzako, mbebe kwa upendo na kwa uwazi. Na kama uko mwaka wa tatu, kuna Kizito mmoja kwenye korido yako. Mjue jina. Mpeleke TMCS Jumapili ya kwanza kabla mtu mwingine hajampeleka kwingine.

Uliye geto: usijione uko nje ya neema. Nabii Danieli na wenzake watatu waliishi Babeli, ugenini, na walisimama kwa sababu walikuwa wanne wenye msimamo mmoja. Chagua mtu wa kuchangia naye chumba kwa makini kuliko unavyochagua kozi. Jiandikishe katika Jumuiya Ndogo Ndogo ya mtaa huo, ili wamama wa pale wakufahamu. Siku ukiugua malaria watakuja na uji. Na kama tayari uko kwenye "sogea tukae" na moyo unakuuma, usianze na kukata tamaa, anza na kutafuta chumba. Mweleze padri au mlezi wa chaplensia yenu shida yote, pamoja na ile ya kodi. Kitubio kinafuta dhambi, na jumuiya yenye moyo inaweza kukusaidia kupata pa kulala.

Unayelala nyumbani na kupanda treni: usione aibu kwa sababu hujui habari za korido. Yesu mwenyewe, akiwa na miaka 12, aliwashangaza walimu hekaluni, kisha akashuka na wazazi wake Nazareti akawatii (Luka 2:51). Ila tafuta siku moja katika wiki ubaki chuoni na wenzako, usiwe mtu wa darasa na kituo cha treni tu.

Na ninyi wazazi mnaosomewa haya na watoto wenu: kumlipia hosteli ni mwanzo. Hana alishona kanzu kila mwaka. Piga simu, tena si ya kuuliza matokeo tu. Nenda ukaone anapolala. Ujue kimo cha mwanao kimeongezekaje.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Ni kanuni gani uliyolazimishwa nyumbani, shuleni au kambini ambayo leo unaitenda kwa hiari? Na ipi uliiacha siku ile ile ulipotoka? Unadhani tofauti ilitoka wapi?
2. Katika hosteli au mtaa wako, nani ni Elisha? Kama hayupo, nani anaweza kuwa?
3. Parokia yetu inawafahamu kwa majina vijana wake walio vyuoni mwaka huu? Tunaweza kubeba "mti" gani kila mmoja ili asiye na kitanda apate?

Tusali

Ee Bwana Yesu, wewe uliyekosa nafasi katika nyumba ya wageni siku ya kuzaliwa kwako, uwaangalie vijana wote wanaotafuta pa kulala usiku huu. Uwape walio hosteli moyo wa kulindana, walio mtaani marafiki wema, na walio nyumbani utii wenye furaha. Uwape viongozi wa vyuo vyetu moyo wa mzazi, na wazazi wetu moyo wa Hana. Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzako, mtuombee. Amina.

Mungu awabariki. Tuombeane.

Frateri wenu, Soga.